Sentimita Kumi za Haneti

Ninyi wa kwaya mlinizunguka Jumapili baada ya ibada mkaniuliza wote kwa pamoja: mikono imefanyaje, mbona umekonda, ni kweli Haneti ardhi inazama? Nikawajibu hovyo nikakimbia. Nisameheni. Nilikuwa bado siwezi kulisema jambo lenyewe bila kulia. Sasa nimekaa mezani, chai iko karibu, nawaandikia wote mara moja. Mkimaliza kusoma msinipigie simu kunifariji, nina aibu ya kunitosha.

Wengi wenu mnadhani napima viwanja. Sipimi viwanja. Napima dunia yenyewe: hapa iko juu kiasi gani, inasogea kwenda wapi, inavuta vitu kwa nguvu gani. Kule Haneti mitikisiko ilikuwa imewasumbua watu wiki kadhaa, na kuna bikoni ya zamani pale, nguzo fupi ya zege yenye kichwa cha shaba, ambayo kimo na mvutano wake tunavyo kwenye kumbukumbu. Nikatumwa nikaipime upya, tujue kama ardhi imepanda, imeshuka au imetulia. Dada yangu Loyi anaishi hatua mia mbili kutoka kwenye bikoni hiyo. Kwa hiyo hofu yangu ilianza hapa hapa Mkonze, kabla gari halijawashwa.

Mkonze hadi mjini

Dereva wetu Athumani alinifuata nyumbani asubuhi na mapema. Ni mtu wa Kondoa, mcheshi, na anajua kuwa mimi ni mwoga. Hofu yangu ndiyo burudani yake ya safari. "Mama Yona," akaniita toka nje, "umeshasali? Maana leo tunakwenda kuipima dunia na yenyewe haijatuita."

Tukapitia ofisini kuchukua vifaa. Kuna GPS, ile ya kusimamisha kwenye miguu mitatu, ambayo inasikiliza satelaiti saa kadhaa na kukupa kimo. Na kuna mashine ya mvutano, ukubwa wa ndoo, ambayo Athumani anaiita bibi harusi kwa sababu lazima ipakatwe njia nzima. Ndani yake mna kiuzito kinachoning'inia kwenye springi. Dunia ikivuta zaidi, springi inarefuka kwa kiasi ambacho jicho haliwezi kuona. Ina tabia moja mbaya: njiani inachoka yenyewe na namba zake zinahama polepole. Kwa hiyo unapima kwanza pale ofisini, unakwenda zako, halafu lazima urudi upime palepale, ndipo ujue imehama kiasi gani. Kabla hujarudi, namba zake hazikuambii kitu.

Na kuna tepu. Tepu yetu ya chuma ilipoteza kichwa siku nyingi, sentimita za mwanzo zimepinda na kufutika. Hakuna anayeitupa. Sote pale ofisini tuna desturi moja: unashika mstari wa kumi badala ya sifuri, unasoma, halafu unatoa kumi. Ukishatoa, unaweka alama ya vema pembeni ya namba kwenye daftari. Tunaita kukata kumi. Nimekata kumi miaka na miaka.

"Si mnunue tepu mpya?" Athumani akaniuliza, kama anavyouliza kila safari.

"Hii imezoea mkono," nikamjibu, kama ninavyomjibu kila safari.

Hombolo, ambako mgongo ulivutwa

Kituo cha kwanza kilikuwa karibu na bwawa la Hombolo, pembeni ya shamba la zabibu la mzee mmoja. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akavuta kigoda akakaa kututazama nikiiweka mashine sawa kwa pimamaji na kupima kimo chake kwa tepu.

"Mnatafuta maji?"

"Hapana, baba. Tunapima mvutano wa dunia, jinsi inavyovuta vitu kwenda chini."

Akafikiri. "Na hapa kwangu inavutaje? Sana?"

"Ni kawaida tu."

"Hapana, mwanangu, pima vizuri. Mgongo wangu unavutwa kuliko kawaida."

Athumani alicheka hadi akakaa chini. Mzee hakucheka. Akasema wiki iliyopita alikuwa amesimama katikati ya mizabibu, hata upepo hakuna, nyaya zote zinazoshikilia mizabibu zikaanza kulia. Mizabibu ikacheza na yeye akacheza nayo. "Huko mnakokwenda ndiko inakotoka," akasema. "Ninyi mna moyo."

Mimi moyo sina, nilikuwa na mshahara tu. Akatupa zabibu na perege wakavu wa bwawani. Athumani akala kwa furaha. Mimi nilitafuna zabibu tatu, nikaacha zilizobaki, nikampigia dada simu. Hakupokea. Nikapiga tena. Hakupokea.

Hombolo hadi Haneti

Mwiba wa mgunga ulitoboa tairi, spea ikakutwa haina upepo. Athumani akaliviringisha tairi hadi kwenye senta iliyokuwa nyuma yetu, nami nikabaki kivulini nimeipakata mashine. Jua likasogea, nikavua kanga yangu ya begani nikaifunika isiungue. Wachungaji wakapita na ng'ombe wao, wakanisalimia kwa heshima kubwa isiyo ya kawaida, hakuna aliyeniuliza nina nini. Nikashangaa kidogo, nikaacha.

Tulifika Haneti mchana umekwisha. Mwenyekiti wa kijiji hakuwepo ofisini, alikuwa msibani, na bila ruhusa yake huwezi kugusa bikoni. Tukaelekezwa tumfuate huko huko. Nikashuka na mashine mikononi, bado imefunikwa kanga, kwa sababu sithubutu kuiacha garini na Athumani anayependa kufunga milango kwa nguvu. Nikaingia uani nikitembea polepole, macho chini, niitunze isitikisike.

Jamani, wanawake wote wakasimama. Mmoja akanikumbatia, akaanza kulia. "Pole, mama. Pole sana. Alikuwa na miezi mingapi?"

Nilichelewa kuelewa. Walidhani nimebeba mtoto wangu aliyekufa. Nikatamani ardhi inifunike, halafu nikaogopa kwa kutamani hivyo Haneti. Nikafunua kanga, nikaeleza kuwa ni mashine ya kupima ardhi. Machozi yakakauka mara moja, na kilichokuja badala yake kilikuwa kibaya zaidi. Walirudi nyuma. Bibi mmoja akasema kwa Kigogo kitu ambacho mimi, Mgogo wa mjini, nilikielewa nusu: tumekaribisha kifo pamoja na mashine yake.

Hata hivyo walitulisha, ugali wa uwele na mlenda, maana msibani mgeni halali njaa. Mwenyekiti akatukubalia kazi ya kesho yake. Nilikula nikiangalia sahani tu.

Haneti, siku ya kipimo

Dada alikuwa mzima. Simu ilikuwa dukani ikichajiwa. Alinishika mkono, hata salamu hazijaisha, akanipeleka nyuma ya nyumba kunionyesha ufa. Unaanzia chini ya dirisha la chumba anamolala shemeji, unapanda hadi kwenye mabati, na pale katikati kiganja changu kiliingia. Shemeji amepooza upande mmoja mwaka wa pili sasa. Alikuwa kitandani anatusikiliza kupitia ukuta. "Mwambie hilo ndilo dirisha langu jipya," akasema. Sikuweza kucheka.

"Mdogo wangu," dada akasema, "wewe ndiye unayejua mambo haya. Niambie tu kweli. Tukae au tuondoke?"

Nikamwambia jioni nitajua.

Kwenye bikoni watu walikuwa wamekusanyika kabla yetu. "Mmekuja kutuhamisha?" mwanamume mmoja akauliza, na mwenyekiti akamtuliza, na mwingine akauliza hilohilo kwa maneno mengine. Nikaeleza mara tatu. Nikasimamisha miguu mitatu juu ya kichwa cha shaba, nikaiweka sawa, nikafungua GPS.

Ndipo ikaja. Kwanza mlio, kama lori zito linapita, ila barabarani hapakuwa na kitu. Mbwa wakanyamaza wote. Halafu udongo chini ya viatu vyangu ukasogea, si kwa nguvu, ukasogea tu na kurudi, na miguu mitatu ikacheza mbele ya macho yangu. Watu wakakimbia kila upande. Mimi nikapiga magoti nikashika zege la bikoni kwa mikono miwili, haki ya Mungu, kana kwamba ningeweza kulizuia. Nilisikia dada akipiga kelele, "Mume wangu yuko ndani!"

Ikaisha. Hakuna nyumba iliyoanguka, hakuna aliyeumia. Ila vifaa vilikuwa vimehama, ikabidi nianze upya. Nikaweka sawa tena. Athumani akashika tepu chini kwenye shaba, mimi nikaivuta hadi juu kwenye GPS. Nikasoma, nikaandika kimo. Athumani akaniuliza kitu, sikumsikia. Nilikuwa nautazama ukuta wa dada.

GPS ikiendelea kusikiliza, nikapima mvutano kwa ile mashine. Kanuni inasema kimo cha miguu mitatu kipimwe mwanzo na mwisho. Baada ya saa zote zile, watu wamerudi na minong'ono yao, nilitaka kuondoka pale upesi. Nikainakili namba ya asubuhi. Hili sikupenda kuliandika, nimeliandika.

Haneti, jioni ileile

Nilifungua laptopu kwenye meza ya dada, nikaunganisha mtandao wa simu, nikachakata. Namba ikatoka. Nikarudia, ikatoka ileile. Bikoni ya Haneti ilikuwa chini kuliko kumbukumbu zinavyosema. Imeshuka sentimita kumi, na milimita chache zisizo na maana.

Kumi! Mtu mwenye akili zake angeshtuka kwa hiyo kumi. Mimi niliona ufa, nikasikia lori lisilokuwepo, nikaona ardhi yote ya pale inakaa chini na shemeji amelala juu yake.

Ofisini hatutoi jibu kwa mtu yeyote kabla Injinia, mkuu wetu, hajalikagua. Najua kanuni hiyo, nimewafundisha wengine. Dada akaniwekea ugali, akaketi mbele yangu, akaniangalia.

"Imeshuka," nikamwambia. "Dada, tokeni. Msilale humu."

Akaisogeza sahani pembeni. Halafu: "Una uhakika?"

"Nina uhakika, dada."

Akainuka, akaenda kumweleza mumewe, kisha akaenda kwa jirani.

Asubuhi tulipoondoka, kitanda cha shemeji kilikuwa nje chini ya turubai. Mafundi wawili walikuwa juu ya nyumba wanang'oa mabati ya dada, kwa sababu alitaka kuyahamishia kwa ndugu wa mumewe, upande wa pili wa kijiji, kabla ukuta haujaanguka nayo. Na haikuwa nyumba yake peke yake. Nilihesabu magodoro nje hadi nikaacha kuhesabu. Niliogopa mno, na ndani ya hofu hiyo, niwaambie kweli, palikuwa na kiburi kidogo. Nilidhani nimewaokoa.

Kurudi mjini

Athumani alijaribu utani wa bibi harusi mara moja, akaacha.

Ofisini niliiweka mashine pale tulipoanzia, nikapima, nikatoa kile ilichokuwa imehama njiani. Sasa namba zake ziliweza kusema. Ardhi ikishuka, unakuwa karibu zaidi na kitovu cha dunia, na mvutano unaongezeka kidogo. Kwa sentimita kumi, mashine yetu ingeona. Haikuona chochote. Mvutano wa Haneti ulikuwa uleule wa kumbukumbu.

Nikasema mashine imeharibika. Nikapima tena, na tena. Haikuwa imeharibika.

Nikafungua daftari. Hombolo: namba, na vema pembeni. Haneti: namba. Pembeni hapana kitu. Namba ya mwisho, ile niliyoinakili, pembeni hapana kitu.

Sikukata kumi. Nilikuwa nimeirefusha miguu mitatu kwa sentimita kumi kwenye karatasi, na ukiamini mguu ni mrefu kuliko ulivyo, utaamini ardhi unayoikanyaga iko chini kuliko ilivyo. Nikatoa kumi kwa kalamu. Haneti haikuwa imeshuka hata kidogo.

Athumani alikuwa amesimama mlangoni. "Nilikuuliza," akasema taratibu, bila utani kwa mara ya kwanza tangu nimjue. "Pale baada ya kutikisika. Nilikuuliza umekata?"

Nikaenda kwa Injinia, mtu mpole anayesikiliza hadi mwisho. Alisikiliza hadi mwisho. "Nani mwingine anajua lile jibu la kwanza?"

"Haneti yote."

Akavua miwani. "Basi rudi ukawaambie. Ripoti itasubiri."

Nilimpigia dada, simu imezimwa. Nikampigia mwenyekiti, hapatikani. Nikatoka nje, na upande wa kaskazini, kule Haneti, nikaona wingu jeusi limekaa chini. Mvua ya kwanza ya mwaka, juu ya nyumba niliyoivua mabati na magodoro niliyoyatoa nje kwa mdomo wangu.

Haneti tena

Mvua ilitukuta njiani. Ninyi mnaoomba mvua kila Jumapili, samahani, siku hiyo mimi niliomba isimame. Akilini nilimwona shemeji chini ya turubai, nilimwona dada akiburuta magunia ya mtama, niliona ukuta wa tofali za udongo ukinywa maji kutoka juu. Korongo likatuzuia zaidi ya saa nzima. Nilikaa garini nikijiuma vidole. Athumani akanipa perege wa Hombolo, akasema, "Kula, Mama Yona. Utahitaji nguvu ya kusema."

Tulifika mvua imekatika. Shemeji alikuwa hai, anakohoa, amefunikwa kila nguo ya nyumba ile. Magunia mawili ya mtama yalikuwa yamelowa. Ukuta wa sebuleni ulikuwa umemong'onyoka juu. Ule wenye ufa ulikuwa umesimama vilevile.

Watu wakaja wenyewe walipoliona gari. Nikasimama mbele yao, nikasema ardhi haijashuka, nikasema nilikosea. Nikaitoa tepu nikawaonyesha mahali ilipopinda na kufutika.

"Kwa hiyo tumenyeshewa kwa sababu ya tepu?" mama mmoja akauliza. Alikuwa yule aliyenikumbatia msibani.

"Tepu haina kosa, mama. Ni mimi."

Mwenyekiti akauliza, "Basi haitatikisika tena?"

Nilitamani sana kumpa jibu zuri. "Hilo silijui, mwenyekiti. Ninachojua ni kwamba haijashuka."

Dada alikuwa anakamua blanketi. Hakuinua kichwa. "Jana nilikuuliza kama una uhakika, ukasema unao. Huu wa leo ni uhakika gani?"

Nikavua viatu, nikauliza misumari iko wapi.

Siku mbili tulirudisha mabati, mimi, Athumani na fundi mmoja. Mwingine alikataa kupanda. Mikono yangu mliyoiuliza Jumapili ilikatwa huko. Dada alinipa maji na chakula, maneno hakunipa. Tulipopiga msumari wa mwisho majirani walikuwa wamekusanyika uani, magodoro yao bado nje, na hakuna aliyesogea. Niliwaelewa. Walikuwa wameshaniamini mara moja.

Dada akaufungua mlango wa chumba cha shemeji, akasimama pembeni.

"Ingia wewe."

Niliingia. Sakafu ilikuwa bado na unyevu. Nikaketi chini ya dirisha, nikaegemea ufa kwa mgongo wangu wote, nikanyoosha miguu. Nilijua hesabu, nilikuwa nimeirudia mara saba, na bado nilikuwa nasikiliza lile lori. Mara nikausikia ukuta ukitetemeka mgongoni. Nikataka kuruka nje. Halafu nikaona hakuna vumbi linalodondoka, mabati hayalii, mbwa wanabweka kama kawaida. Aliyekuwa anatetemeka ni mimi. Nikabaki.

Sijui nilikaa muda gani. Shemeji ndiye aliyesema, kutoka uani: "Nirudisheni ndani, jamani. Huyu amekaa vya kutosha."

Wakambeba na kitanda chake. Nikasikia godoro la jirani likiburutwa kwenda ndani, kisha la pili. Dada aliingia mwisho, ameshika sufuria ya mlenda na sahani ya ugali. Hakusema amenisamehe. Aliketi kando yangu, akaegemea ukuta uleule, akanisogezea chakula.